Nina shahada ya kemia lakini si mwalimu: naingiaje shule ya serikali?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, nilihitimu Shahada ya Sayansi, Kemia na Baiolojia, mwaka 2020. Sikusomea ualimu, ila mwaka wa tatu huu nafundisha sekondari ya binafsi hapa Mwanza na nimeona ndiyo kazi ninayoipenda. Nataka kuajiriwa serikalini. Mama anataka nikasome diploma ya ualimu. Mwenzangu kazini anasema niombe hivi hivi kwa kuwa walimu wa sayansi hawatoshi, ila kwanza nitafute namba ya TSC. Yupo pia kaka mmoja anayesema kuna nafasi ya mwalimu aliyefariki, nimpe laki sita aniingize. Halafu cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne mawili, na NIDA wameandika jina la ukoo kwa herufi tofauti. Nianzie wapi? Na umri huu, sijachelewa?"*

Marahaba, binti yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Hujachelewa. Matangazo ya ajira serikalini huweka ukomo wa miaka 45 kwa mwombaji. Ukifuata yote nitakayokueleza hapa utakuwa na 31, labda 32. Nimewafundisha chuoni watu wenye watoto wa darasa la tano, na leo ni wakuu wa shule.

Tatizo lako liko kwingine. Umechanganya mambo matatu: kuwa na sifa ya ualimu, kupata ajira ya ualimu, na kusajiliwa kama mwalimu wa serikali. Kila moja lina ofisi yake na wakati wake. Wanaokushauri kila mmoja ameshika pembe moja ya jambo, kwa hiyo wote wanasikika kama wanasema kweli.

Tuanze na sifa. Walimu wa serikali Tanzania Bara huingia kazini kwa madaraja matatu. Mwenye cheti ni Mwalimu Daraja la III A, mwenye stashahada ni III B, na mwenye shahada ni III C. Mishahara nayo inafuata ngazi hizo hizo, kwenye ngazi za mshahara za walimu ziitwazo TGTS B, C na D. Sasa soma kwa makini sifa za III C kila tangazo linapotoka. Wanataka mtu mwenye shahada ya ualimu yenye somo husika, au mwenye shahada isiyo ya ualimu yenye somo hilo pamoja na Stashahada ya Uzamili ya Ualimu, ile ambayo wengi tunaiita PGDE. Hapo kwenye "au" ndipo ulipo wewe. Shahada yako ni nusu ya sifa na hiyo stashahada ya uzamili ni nusu ya pili. Ukiomba na nusu moja, mfumo utakutoa kabla hata binadamu hajaliona jina lako, uhaba wa walimu wa sayansi uwe mkubwa namna gani.

Simlaumu mwenzako wa kazini. Historia yetu ndiyo inayomdanganya. Serikali iliwahi kweli kuchukua watu haraka haraka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, ilipotakiwa kila mtoto aingie darasa la kwanza, walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa huku wakifundisha, ndio wale walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Miaka ya 2000 sekondari za kata zilipofumuka kila kona, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani, na wanafunzi, ambao hawana dogo, wakawabandika jina la "vodafasta". Wengine walikuwa walimu wazuri sana na baadaye walirudi vyuoni kusoma. Lakini mlango ule umeshafungwa, na usipange maisha yako ukiusubiri ufunguliwe tena.

Ushauri wa mama una busara yake: anataka uwe na karatasi ya ualimu mkononi. Ila diploma itakula miaka yako kama miwili, kisha utaomba kama III B, na ukiajiriwa utalipwa kwa daraja uliloajiriwa nalo. Shahada yako itakaa kwenye bahasha. Hiyo ni njia nzuri kwa kijana aliyetoka kidato cha sita. Kwako ni kurudi nyuma. Mwambie mama kwamba unaenda kusomea ualimu kweli, ila kwa kozi iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye shahada. Nadhani ataridhika.

Kabla hujalipa ada popote, toa nakala ya matokeo yako ya chuo kikuu uweke mezani. Usiangalie jina la shahada, angalia orodha ya kozi. Hesabu ngapi ni za kemia halisi: kemia kaboni, kemia fizikia, uchambuzi. Hesabu na za baiolojia. Serikali haiajiri "mwanasayansi", inaajiri mwalimu wa Kemia au mwalimu wa Baiolojia, na kila somo hutangazwa kama nafasi yake. Shahada yako inaonyesha masomo mawili yanayofundishwa sekondari, hiyo ni bahati kubwa. Nimewaona wenye shahada nzuri tu za sayansi ambazo ndani yake hakuna somo hata moja linalosomeka kama somo la shuleni. Wakasoma PGDE, wakalipa, wakahitimu, na bado wakakwama. Hilo wangeiuliza ofisi ya udahili kabla ya kuanza, wangeambiwa kwa dakika kumi.

Ukisoma darasani, PGDE ni mwaka mmoja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinaitoa kwa masafa, na kina vituo mikoani. Ukichukua ya darasani utamaliza haraka na utabanwa uzame kwenye kazi, ila utapoteza mshahara wa mwaka. Ya masafa itakuacha na kibarua chako, lakini inahitaji mtu anayeweza kufungua moduli saa tatu usiku baada ya kusahihisha madaftari themanini. Ningekuwa mimi, nikiwa na akiba ya kula mwaka mmoja, ningekwenda darasani. Bila akiba hiyo, masafa, na nisingeona aibu, kwa sababu serikalini vyeti vyote viwili ni sawa. La msingi ni chuo chenyewe na kozi yenyewe viwe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU.

Najua unajiuliza: nimefundisha miaka mitatu, watanifundisha nini? Nikusimulie. Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo wa PGDE kwenye mazoezi ya kufundisha. Alikuwa na shahada ya kemia na alama zinazotisha. Kidato cha pili, mkondo wenye wanafunzi zaidi ya tisini, mada asidi na besi. Aliwapa mgongo akaandika ubao mzima kwa nusu saa, maandishi mazuri kabisa. Alipogeuka, nyuma walikuwa wanacheza karata kwa karatasi za daftari. Sikumgombeza. Nilimwomba andalio la somo, akanipa nukuu zake za chuo kikuu.

Wiki iliyofuata nilimkuta na jagi la choya, ndimu mbili na kopo la maji aliyoyachuja kwenye majivu ya jikoni. Akagawa vikombe vya plastiki kwa makundi. Choya kwenye ndimu ikabaki nyekundu na kung'aa zaidi. Kwenye maji ya majivu ikageuka ikawa rangi ya kijani chafu. Kelele iliyopigwa, mwalimu wa zamu akaja kuchungulia dirishani. Baada ya hapo ndipo akaandika neno "kiashiria" ubaoni, na hakuna aliyehitaji kulazimishwa kulinakili. Kemia ilikuwa ile ile. Alichoongeza ni kujua wanafunzi waanzie wapi, waguse nini, na yeye atajuaje kama wameelewa. PGDE ni hayo: saikolojia ya elimu, mtaala, mbinu za kufundishia, upimaji, na yale mazoezi. Miaka yako mitatu itakusaidia, mradi usiende na kiburi cha "haya nayajua".

Hapo hapo kazini kwako kuna jambo dogo. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa kama mwalimu au awe na leseni ya kufundisha. Muulize mkuu wa shule yako, kwa adabu, kama walikuombea leseni. Wengi hawaulizi mpaka siku mkaguzi anapoingia getini.

Jambo la pili ni ajira, na hapa wahitimu wengi huumia kwa kutokujua inavyozaliwa. Shule haikuajiri. Mkuu wa shule anapeleka upungufu wake halmashauri, halmashauri inaujumlisha kwenye ikama, yaani hesabu ya watumishi inaowahitaji, TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, inakusanya za nchi nzima, na Ofisi ya Rais Utumishi inatoa kibali cha idadi fulani kulingana na fedha za bajeti. Kwa hiyo shule inaweza kukosa mwalimu wa fizikia miaka minne na nafasi isitangazwe, kwa sababu kukosa mwalimu na kuwa na kibali ni vitu viwili tofauti. Kibali kikipatikana, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inatangaza, na unaomba kupitia Ajira Portal, tovuti yake ya maombi, kwa namba yako ya NIDA.

Zamani kidogo walimu waliomba kupitia mfumo wa TAMISEMI na kupangiwa vituo bila usaili. Siku hizi wanafanya usaili kama watumishi wengine. Tangazo la 2024 lilikuwa na nafasi 14,648, na usaili wake ukafanyika mwanzoni mwa 2025. Waliohitimu miaka mingi nyuma walilalamika kwamba si haki kumwita mtu kwenye mtihani baada ya kumkalisha nyumbani miaka minane, na mimi naona wana hoja. Lakini wewe jiandae kwa utaratibu uliopo. Rudia kemia ya kidato cha kwanza mpaka cha sita, si ya chuo kikuu. Jua kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kwa mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu tangu 2024, maana muundo wake si ule uliouzoea. Ukifaulu na nafasi zikaisha, jina linaweza kubaki kwenye kanzidata ukaitwa baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo.

Kuhusu kujitolea katika shule ya serikali ili "wakuone": utapata uzoefu na marafiki, lakini hakukupi kiti. Mkuu wa shule anaweza kukupenda kama mwanawe na bado hana kalamu ya kukuajiri. Kama shule yako ya binafsi inakulipa, baki hapo.

Jambo la tatu ni hiyo namba ya TSC. Nadhani mwenzako amesoma habari za Kenya. Kule Tume ya Kuwaajiri Walimu, nayo TSC, humsajili mwalimu kwanza, na bila namba hiyo haombi kazi. Huku kwetu TSC ni Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, na kwa mwalimu wa serikali inakuja baada ya ajira. Unaripoti kwa Mkurugenzi wa halmashauri uliyopangiwa, unaingizwa kwenye rejesta ya TSC ya wilaya, unafanya kazi miezi 12 ya majaribio, ndipo unathibitishwa. Kupanda daraja na mambo ya nidhamu pia ni kwao. Kwa hiyo usiitafute leo, huwezi kuipata. Tofauti na hiyo, kuna Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018, inayohusu walimu wote, wa serikali na wa binafsi. Fuatilia matangazo ya bodi hiyo, ila usiichanganye na TSC. (Kama una ndugu Unguja au Pemba anayeuliza haya, mwambie elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, kule wana wizara yao na taratibu zao za ajira.)

Nimeacha majina makusudi mpaka hapa, kwa sababu ndilo jambo linaloniogopesha zaidi katika barua yako. Mwaka 2017, baada ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Tangu hapo, tofauti ya herufi moja haichukuliwi tena kama kosa la karani. Msimamizi wa usaili hakujui. Anaona cheti cha mtu mmoja na kitambulisho cha mtu mwingine. Nimewahi kumsindikiza binti wa jirani kwenye usaili, amevaa vizuri, amesoma, akarudishwa mlangoni kwa sababu ya "y" na "i".

Weka vyeti vyote sakafuni kwa mstari: kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, shahada, NIDA. Tafuta kipi kimejitenga na wenzake. Kwa ulivyoeleza, herufi imekosewa NIDA, kwa hiyo rekebisha huko, kwa kuwa akaunti yako ya Ajira Portal inasimama juu ya namba hiyo. La majina matatu na mawili huwa linatatuliwa kwa hati ya kubadili jina, ambayo watu wanaiita dipoli. Inaandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Usikubali kuambiwa kiapo cha mahakamani kinatosha, mialiko ya usaili huitaja hati yenyewe, iliyosajiliwa. Hii si kazi ya kufanya kwa kusoma majibu kama haya yangu. Nenda kwa wakili na karatasi zako zote mkononi. Na ukiwa huko, athibitishe nakala za vyeti, maana zinatakiwa hivyo kwenye maombi. Kumbuka pia hawapokei hati ya matokeo ya muda. Wanataka cheti chenyewe, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Kama cheti cha shahada bado kiko chuoni kwa sababu ya deni, kianze hicho.

Nikuambie na upande usiopendeza. Baada ya PGDE unaweza kusubiri kibali mwaka, hata zaidi. Kemia na Baiolojia zina nafuu kuliko Historia au Kiswahili, ambako wahitimu wamejaa, lakini hata sayansi si tiketi ya siku hiyo hiyo. Ukiajiriwa, unaweza kupangiwa wilaya ambayo hujawahi kuisikia. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mpaka upate cheki namba, yaani namba yako ya mtumishi ya kulipwa mshahara, kwa hiyo uende na nauli, godoro, jiko dogo na hela ya miezi miwili. Kama ulikopa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kila mwezi kabla hujaiona. Wapo walimu wa binafsi wanaolipwa vizuri kuliko III C mpya, na wapo wanaodaiwa na mwenye nyumba kwa sababu shule haijalipa tangu Machi. Serikalini unapata uhakika, pensheni na nafasi ya kusoma zaidi. Wewe ndiye unayejua kipi kinakuuma zaidi. Usiache kazi uliyo nayo kabla ya kupata barua ya udahili.

Kama kuna kipengele cha tangazo hukielewi, ofisi ya Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yako ipo, na ya TSC wilaya ipo. Nenda asubuhi, siku isiyo Jumatatu. Watu wengi wanaziogopa ofisi hizo bure, na wanaamini kila kinachopita kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa huyo kaka wa laki sita. Nafasi ya mwalimu aliyefariki hairithiwi mtaani. Inarudi kwenye ikama na kusubiri kibali kama nilivyokueleza, hakuna mtu anayeibeba mfukoni. Akishakula hela yako atakuambia mfumo umegoma, kisha atakuomba nyingine ya "kufungua faili". Na ukimlipa, mbele ya sheria wewe pia umetoa rushwa. Usimjibu tena, lakini meseji zake usizifute. Piga 113, ni namba ya bure ya TAKUKURU, uwasomee zilivyo.